Maswali ya Wasomaji: Nywele za Kipilipili, Maji Kwanza

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na nyingi zinalalamikia kitu kimoja: nywele za asili kukauka na kukatika. Tumejibu chache zinazobeba maswali ya wengine.

SWALI: Shikamooni dada zangu. Niliacha dawa ya kunyoosha, nikakata nywele zote, na sasa nikizivuta zinafika masikioni. Kila asubuhi napaka mafuta ya mgando ya kutosha, lakini ikifika mchana zimekuwa ngumu kana kwamba sikupaka chochote. Nikichana, kitana kinajaa. Jirani anasema ni maji yetu yenye floridi. Ni kweli? *Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Marahaba. Maji yamesingiziwa. Floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru huwadhuru wanaoyanywa maji hayo: meno hupata madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi hata mifupa huathirika. Kwenye nywele haina kesi. Yanayosumbua nywele ni maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, na hayo unaweza kuyapima mwenyewe. Jaza chupa ya plastiki nusu, kwangulia sabuni ya mche kidogo, tikisa. Povu likisimama, maji yako hayana neno. Likikatika haraka na kuacha utando mweupe, tumia shampuu badala ya sabuni, na ukipata maji ya mvua, yatumie kusuuzia mwisho.

Tatizo lako ni mpangilio. Mafuta ya mgando hayana hata tone la maji. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyomo yasitoke. Ukiyapaka kwenye nywele kavu unafungia ukavu wenyewe, na vumbi la Januari linapata pa kunatia. Kipilipili huteseka kuliko singa kwa sababu mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayawezi kuteremka mikunjo yote ile hadi nchani. Kwa hiyo maji kwanza, kisha kondishena ya kubaki kichwani, halafu mafuta, tena kidogo.

Osha mara moja kwa wiki, au kila baada ya siku kumi. Nusu saa kabla ya kuosha, gawa nywele mafungu manne (sita kama ni nzito) na upakaze vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi, ukianzia nchani. Mafuta ya nazi ni kati ya machache yanayopenya ndani ya unywele, na hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Mwezi wa Julai utayakuta yameganda chupani kama samli. Hayajachakachuliwa, huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Zamisha chupa kwenye bakuli la maji moto kwa dakika tano.

Shampuu usiimimine kichwani moja kwa moja. Changanya kijiko kimoja cha chakula na mililita 100 za maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba (ile ya tomato inafaa sana), elekeza mdomo kwenye ngozi kati ya mafungu, na usugue kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kuzisafisha nywele zenyewe. Ukiwa dukani, geuza chupa usome viambato. Huanza kuandikwa kilicho kingi. Ukikuta Sodium Lauryl Sulfate mara tu baada ya maji, hiyo inakwangua mafuta yote. Zinazotegemea Decyl Glucoside au Cocamidopropyl Betaine ni za upole. Maneno "ya asili" yaliyopambwa mbele ya chupa hayakuambii lolote. Na magadi, ambayo bado yana wapambe wake, yaacheni jikoni: ualkali wake hufungua magamba ya unywele, nywele zikaanza kunasana na kukwaruzana.

Kwenye kondishena usibane mkono. Kwa urefu wako weka vijiko vitatu vya chakula, nywele zikiwa bado zinachuruzika maji. Fungua mafundo kwa vidole, kisha chukua kitana cha meno mapana, anza na sentimita mbili tatu za nchani, panda polepole kuelekea kwenye ngozi. Ukisikia "tik, tik", nywele zinakatika hizo. Simama, ongeza maji na kondishena. Anayeanzia juu anayasukuma mafundo yote yakutane chini, na hapo ndipo kitana chako kinapojaa.

Kamua maji kwa fulana kuukuu ya pamba, kwa kubana tu bila kusugua. Paka kondishena ya kubaki, kisha mafuta kiasi cha kung'arisha viganja, sokota, acha zikauke kabisa kabla hujalala. Katikati ya wiki huhitaji kuosha tena: weka kwenye chupa ya kupulizia mililita 100 za maji na kijiko kimoja cha chai cha gliserini, pulizia asubuhi, kisha mafuta kidogo. Miezi ya upepo mkavu punguza gliserini iwe nusu kijiko, kwa sababu huvuta unyevu popote ulipo. Hewa ikiwa haina, inauvuta kutoka kwenye unywele. Usiku vaa kofia ya satini. Foronya ya pamba inanyonya unyevu na kukwaruza.

SWALI: Habari za kazi. Shangazi amenitumia draya yenye difyuza kutoka Marekani. Niliiwasha mara moja, ikanguruma kuliko kawaida, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Fundi anasema ninunue kibadilisha umeme kidogo. Nifanyeje? Na je, difyuza inafaa kwa nywele zetu? *Msomaji, Soweto, Moshi*

JIBU: Dada, usinunue. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Waya wa kupasha joto ukipewa karibu mara mbili ya volti zake, nguvu yake inakaribia mara nne, ndiyo maana ilinguruma. Draya ya wati 1,800 ingehitaji transfoma ya zaidi ya wati 2,000, chuma kizito cha kubebwa kwa mikono miwili, na gharama yake haina maana kwa kifaa kama hicho. Shangazi akitaka kutuma nyingine, aangalie maandishi kwenye mpini: 100–240V, au yenye swichi ya kuchagua 125 na 250. Yenye swichi nayo igeuze kabla ya kuchomeka. Kikombe cha difyuza usikitupe. Pima upana wa mdomo wake uende nacho dukani, huenda kikaingia kwenye draya ya hapa.

Difyuza inafaa, mradi ujue unachotafuta. Kikombe kile chenye matundu na vidole hutawanya upepo, hivyo mikunjo inakauka ikiwa imetulia mahali pake badala ya kupeperushwa na kufumuka. Subiri nywele ziache kudondosha maji, paka jeli, weka joto la chini na kasi ya chini, kisha inamisha kichwa upande mmoja, kusanya fungu kikombeni, shikilia bila kutikisa kwa dakika mbili, nenda fungu jingine. Zikikaribia kukauka, malizia kwa upepo baridi. Kosa la wengi ni kuzichezea kwa vidole zikiwa bado na unyevu; jeli haijashika, mikunjo inafumuka, halafu lawama anabebeshwa draya. Kwa hesabu ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), dakika 20 za draya ya wati 1,800 ni uniti 0.6.

Lakini difyuza haitakupa urefu, kwa sababu kipilipili hujikunja kadiri kinavyokauka. Ukitaka nywele zinyooke bila moto, suka kwa uzi mweusi zikiwa na unyevu, ukizungushia kuanzia kwenye shina hadi nchani bila kukaza shina, ufumue zikishakauka. Bibi zetu walilimaliza swali hilo zamani, bila umeme.

Kila baada ya wiki chache fungua chujio la nyuma ya draya, lisugue kwa mswaki mkavu. Likizibwa na vumbi hewa haipiti, joto linapanda, na draya inajizima katikati ya kazi.

Wale wanaouliza kuhusu pasi ya nywele: ziwe kavu kabisa, ukiwa umepaka kinga ya joto, nyuzi 150 hadi 180, fungu lisizidi upana wa sentimita tatu, pitisha mara moja. Ukisikia mlio kama wa kukaanga, kuna maji ndani. Yanageuka mvuke na kupasua unywele. Baada ya kuosha, mikunjo ikirudi, uko salama. Isiporudi, protini imeharibika na hakuna steaming wala mafuta ya kuirudisha. Ni mkasi.

SWALI: Eti yai na mayonezi vinarutubisha nywele? Na parachichi je, maana kwetu yanaoza chini ya miti? *Msomaji, Kibosho*

JIBU: Protini ya yai ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, na ukisuuza kwa maji moto yai linaiva humo humo. Mayonezi kikubwa chake ni mafuta, kula. Parachichi lina mafuta mazuri ya kulainisha juu juu: saga nusu ya lililoiva sana na kijiko kimoja cha mafuta, chuja kwa kitambaa, weka dakika 20, suuza kabla halijakauka. Asiyechuja atashinda anaokota nyuzi kichwani. Kondishena ya kawaida inafanya kazi hiyo hiyo, nawe unabaki na muda wa kumenya ndizi.

SWALI: Jeli ninazonunua zinaacha unga mweupe, watu wanadhani nina mba. Ipo ya kutengeneza nyumbani? *Msomaji, Kijenge, Arusha*

JIBU: Unga huo mara nyingi ni jeli na kondishena ya kubaki kutopatana. Changanya kidogo kidogo vyote viwili kiganjani: vikiganda vipande vipande, hata kichwani vitafanya hivyo. Sababu nyingine ni kuipaka kwenye nywele zilizokwisha kukauka.

Ya nyumbani hutengenezwa kwa mbegu za kitani: robo kikombe cha mbegu, vikombe viwili vya maji, moto mdogo, koroga dakika saba hadi kumi. Ikifika mahali ute unaning'inia kijikoni bila kukatika, epua uchuje papo hapo kwa soksi ndefu nyepesi ya nailoni. Ukingoja ipoe, haitapita, utakamua hadi mikono ichoke. Ukikosa kitani, bamia kumi zilizokatwa kwa vikombe hivyo hivyo viwili zinatoa ute, ila haushiki sana. Weka kwenye friji na utumie ndani ya wiki moja. Haina kihifadhi, hivyo ikianza kunuka uchachu, mwaga.

SWALI: Hamjambo. Binti yangu anasuka rasta mwaka mzima, anafumua na kusuka siku hiyo hiyo. Nywele za mbele zimerudi nyuma, na kila akisuka anatokwa vipele vyeupe pembeni. Akifumua linatoka fungu la nywele la kuogopesha. *Mama, Majengo, Moshi*

JIBU: Hatujambo, mama. Fungu la kufumua lisikutishe kwanza. Mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku; zikibaki ndani ya rasta wiki sita, ni kati ya 2,100 na 4,200 zinazotoka kwa mkupuo. Chukua chache uzitazame kwenye mwanga. Ndefu zenye kitone cheupe upande mmoja zimedondoka kwa wakati wake. Vipande vifupi visivyo na kitone vimekatika, na vikiwa vingi ndipo pa kushughulikia.

Vipele na nywele za mbele ndilo jambo zito. Vinasema shina linavutwa kupita uwezo wake. Mapema hivi nywele hurudi, zikiachwa. Kuvutwa kukiendelea miaka, vinyweleo huacha kovu, ngozi inabaki nyororo yenye kung'aa, na hapo hakuna mafuta ya nyonyo yatakayoziotesha. Afumue sasa, asisuke rasta kwa miezi mitatu angalau, avae mabutu makubwa au twende kilioni legevu bila kuongeza nywele. Akirudi, rasta ziwe nyembamba kwa uzito, fupi, zisizidi wiki sita, na nywele za pembezoni ziachwe nje. Kwa msusi aseme pale pale anapoumia. Kipimo ni hiki: akishindwa kuinua nyusi bila maumivu, zimekazwa mno. Kunywa dawa ya maumivu baada ya kusuka si jambo la kawaida, hata kama saluni nzima inacheka.

Pakiwa tayari na sehemu zinazong'aa, au vipele vina usaha, mpeleke kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, kilipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992. Hapo Moshi huna haja ya kusafiri.

Kuhusu kufumua kwenyewe: akate rasta chini ya mwisho wa nywele zake, apulizie maji na kondishena kidogo, afumue kwa vidole. Ule uchafu wa kijivu uliojikusanya kwenye mashina autoe na achane rasta moja moja kabla ya kuosha. Akiingiza kichwa chini ya bomba kwanza, uchafu huo unasokotana na nywele zilizodondoka na kuwa fundo lisilofunguka ila kwa mkasi.