Re: Nipige nini Kisumu na simu tu?

Dadangu, umesema unataka kupiga picha za nyeusi na nyeupe kwa simu, lakini kila ukienda Dunga, hapo ufuoni mwa Ziwa Victoria, unaona gugu maji tu limejaa na hakuna kitu ya kupiga. Mimi naona hilo gugu ndilo picha yenyewe. Enda saa moja asubuhi jua likiwa bado chini, chuchumaa, chagua jani moja tu, utaona linang'aa kama limepakwa mafuta, mistari yake imepinda kufuata ukingo, na huko chini kikonyo kimefura kama kibofu, hapo ndo kuna hewa inayofanya lielee. Kwa nyeusi na nyeupe hiyo ni dhahabu aki.

Gusa skrini palipo na mwanga alafu ushushe mwangaza hadi maji ya nyuma yawe meusi tii. Na usitegemee rangi, juu kijani na nyekundu zinaweza kutoka kijivu kilekile, tegemea kivuli. Piga ya rangi kwanza, ubadilishe baadaye kwa programu, hapo unaweza kuamua kijani kiwe cheupe ama cheusi.

Siku ukifika Nakuru tafuta ile migunga iliyokufa imesimama ndani ya ziwa tangu maji yapande. Flamingo waachie wengine, bila ile pinki wanapoteza sana.