Kwenye pool, lenga mahali mpira mweupe unapotakiwa kufika

Wanaoanza pool huelekezwa hivi: vuta mstari kwa macho kutoka shimoni hadi kwenye mpira unaotaka kuufunga, tafuta nukta mstari huo unapotokea upande wa pili, halafu piga mpira mweupe kwenye nukta hiyo. Kama mipira imenyooka na shimo, utafunga. Ikiwa ni mpira wa kukata, yaani wa kugongwa pembeni ili uende shimoni, utakosa, na utakosa kwa namna ileile kila mara: umeugonga mnene mno, yaani karibu mno na katikati yake, nao unapiga ukuta wa meza pembeni ya shimo.

Kosa liko kwenye unene wa mpira mweupe. Mipira ya pool ya kawaida ina kipenyo cha milimita 57.15. Miwili ikigusana, katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine ni umbali huohuo. Kwa hiyo katikati ya mpira mweupe haifiki kamwe kwenye ile nukta, inaishia karibu sentimita tatu nyuma yake. Hapo nyuma ndipo pa kulenga, japo hakuna kitu cha kutazama.

Mzee mmoja wa baa ya mtaani kwetu ndiye aliyenionyesha njia ninayowaelekeza wengine mpaka leo. Chukua mpira mwingine wowote, ubananishe nyuma ya ule unaotaka kuufunga, yote miwili ikielekea shimoni. Nenda nyuma ya mpira mweupe, utazame ule mpira wa ziada, hasa pale unapokalia kitambaa. Uondoe. Sasa piga mpira mweupe ufikie palepale ule wa ziada ulipokuwa. "Kijana, acha kuugonga, wewe kaa nyuma yake," alikuwa akiniambia. Ukirudia vya kutosha utaanza kuuona mpira ambao haupo.

Meza ya sarafu, ile ya kulipia kila mchezo, ikimeza mpira wa namba haiurudishi mpaka ulipe tena, na watu wengi huniambia ndiyo maana hawafanyi mazoezi. Lakini mipira iko 15, na ukikosa hulipi! Nenda mchana meza ikiwa tupu. Jioni, mshindi anabaki na foleni ipo, hakuna atakayekuvumilia ukipanga mipira na kuipangua.

Kuna mkato mmoja wa kujifunza kabla ya mingine yote, kwa sababu unakupa kitu cha kuona kwa macho. Elekeza katikati ya mpira mweupe kwenye ukingo kabisa wa mpira wa pili. Utaugonga nusu, na mpira huo wa pili utaondoka kwa nyuzi 30 kutoka njia ya mpira mweupe. Ukishaizoea pembe hiyo, kila mpira unajiuliza tu: huu ni mnene kuliko nusu, au mwembamba? Robo tatu ya mpira inatoa kama nyuzi 14 na nusu, robo inakaribia 49. Namba hizo sizikariri nikiwa mezani, ila zinaonyesha kwa nini mipira myembamba inatesa: kosa dogo la kulenga linageuka kosa kubwa la pembe.

Hata hivyo, wengi wanaolalamikia shabaha hawana tatizo la shabaha. Fimbo yao haiendi pale walipolenga. Jipime. Weka mpira mweupe katikati ya upande mmoja wa meza, upige taratibu kwa urefu uende ukuta wa mbali na kurudi, na uiache fimbo pale ilipoishia. Mpira ukirudi kugusa ncha ya fimbo, umepiga kati. Ukirudi pembeni, ama uligonga mpira upande bila kujua, ama uliipeleka fimbo mshazari, na mbinu yoyote ya kulenga haitakusaidia hadi hilo linyooke.

Kinachoharibu hapo mara nyingi ni kuinama kwanza na kutafuta mstari baadaye. Mstari unaonekana ukiwa umesimama. Simama nyuma ya mpira, uone njia yote, kisha ingia kwenye mstari huo kwa mguu na ushuke kidevu kikielekea fimbo. Ukiwa chini ukahisi kitu kimepinda, inuka uanze upya. Kuzungusha kiwiliwili ukiwa umelala mezani ni kujidanganya. Kabla ya kupiga, jicho la mwisho liwe kwenye mpira unaofungwa, wala usiinuke mpaka mweupe umegonga.

Kugonga mpira mweupe pembeni badala ya katikati kuache kwanza. Ukigonga upande wa kulia, mweupe unasukumwa kidogo kushoto ya ulipoelekeza fimbo, na hapo unajifunza makosa mawili kwa pigo moja.

Halafu angalia mipira yenyewe. Ya baa ina jasho, chaki na soda iliyokauka. Ikiwa michafu inashikana inapogusana, na mpira unaokatwa polepole unaburutwa mbele, unakosa mnene ingawa ulilenga sawasawa. Ifute kwa kitambaa, au kata mwembamba kidogo zaidi. Na kwenye baadhi ya meza za sarafu mweupe ni mkubwa kuliko mingine ili meza iutambue na kuurudisha. Uweke kando ya mpira wa namba kabla ya kuanza. Mweupe ukiuzidi, mpira wako wa kufikirika nao uwe mkubwa, na mikato ya hapo usiihamishie kwenye meza nyingine.