Swali la lugha: ukisema "jipende kwanza" ni ubinafsi?

Msomaji kauliza: "Shikamoo mwalimu. Niliweka stetasi 'jipende kwanza', mama akanipigia kwamba nimeanza ubinafsi, eti mtu hajipendi, mtu anapendwa na watu. Kwa Kiswahili kujipenda ni vibaya?"

Marahaba. Si vibaya hata kidogo. Ubinafsi ni kujipendelea, na hapo ndo wengi wanachanganya. Chukulia shughulini, mtu kapewa kazi ya kupakua pilau, anajichotea minofu, wenzake wanabaki na wali na mifupa, huyo kajipendelea. Lakini yule aliyeoga, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, mtaani tunasema "jamaa anajipenda" na hapo tunamsifia kabisa.

Hiyo -ji- yenyewe haina kosa. Ni ileile kwa kila nafsi, najipenda, unajipenda, wanajipenda, kinachobeba sifa au lawama ni kitenzi chake na mazoea ya watu. Anajituma, anajiheshimu, anajitambua, hizo ni sifa. Anajiona, anajidai, anajikweza, hapo kaharibu. Kujisikia ndo kuna mambo maana "najisikia vibaya" ni hali yako tu, ila ukisema "yule dada anajisikia" ushasema ana maringo. Angalia zile za lawama, karibu zote zinamhusu mtu anayejipima na wenzake halafu anajiweka juu yao. Waswahili hatujawahi kumzuia mtu kujijali, tunachokataa ni hako kakiti ka juu anakojiwekea.

Tena -ji- inaweza kuwa ya watu wengi kwa pamoja, Azimio la Arusha la 1967 liliweka Ujamaa na Kujitegemea bega kwa bega, na anayejitegemea pale ni taifa zima.

Turudi kwa mama. Mi naona kilichomchoma ni hilo neno "kwanza". Ukisema kwanza ushapanga foleni, na yeye aliyekulea lazima ajiulize amewekwa wa ngapi. Na hoja yake nzito, wahenga walisema mtu ni watu, yaani huo utu wako umeupata kwa kulelewa, kuitwa jina, kusalimiwa, sasa ukijitaja peke yako kama vile uliota tu ardhini kama mmea lazima aumie. Hata Biblia inasema "mpende jirani yako kama nafsi yako", hapo nafsi na jirani wamewekwa sawasawa kwa neno "kama", hamna wa kwanza. Kwa hiyo andika "jithamini" au "jitunze", au "jipende" ikae peke yake, zote Kiswahili safi na mama hatapiga simu.

Ila ukitaka kuwahimiza ndugu zako wapatane usiandike "tujipende" kama ninavyoona kwenye magrupu ya familia, hapo kila mtu anaweza kubaki na mapenzi yake mwenyewe, andika "tupendane".