Baiskeli kuukuu ya mbio: malizana na chumvi kwanza, gia baadaye

Ukinunua baiskeli ya mbio ya mtumba hapa Mombasa, ile ya chuma yenye usukani wa kupinda, usiikague kwa rangi. Rangi hupakwa upya kwa siku moja. Kagua kinachosogea na kisichosogea. Legeza boliti ya kiti uone kama nguzo yake inazunguka. Nyingi ni za alumini ndani ya fremu ya chuma, na unyevu wa chumvi ukipenya kati ya metali hizo mbili, alumini huliwa, hutoa unga mweupe unaovimba, kisha hukaza kama saruji. Ikiwa haitoki na kiti hakiko kwenye kimo chako, achana na baiskeli hiyo hata ikiwa bei ni ya kutupa.

Usukani una hila yake. Kulegeza boliti ya juu peke yake hakutoshi, maana chini kuna kabari. Legeza mizunguko mitatu au minne, weka kipande cha mbao juu ya boliti, gonga mara moja kwa nguvu. Wengi hudhani umeganda kumbe kabari tu haijaachia. Ukishautoa, sugua kwa msasa laini, paka grisi wanayotumia wenye maboti, kwani haioshwi na maji upesi, kisha rudisha. Alama ya mwisho wa kuinua isionekane nje, kwenye usukani wala kwenye nguzo ya kiti.

Sasa gololi. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya mbele kwa kawaida hubeba 10 za inchi 3/16 kila upande, ya nyuma 9 za inchi 1/4, na ekseli ya pedeli, ile inayopita chini ya fremu, 11 za inchi 1/4 kila upande. Zikiwa ndani ya kishikizo chao huwa chache zaidi. Badilisha zote pamoja. Gololi mpya ikikaa na zilizochakaa, hiyo mpya ndiyo itakayobeba mzigo wote. Kama gurudumu ni la kubana kwa mkono mdogo wa chuma badala ya nati, acha mchezo, yaani ulegevu, kidogo sana unapokaza koni zinazobana gololi, kwa sababu mkono huo ukifungwa hubana ekseli na mchezo huo hupotea.

Pedeli ya kushoto hufunguka kinyume. Kwenye fremu za Kiingereza, hata kikombe cha kulia kinachoshika gololi za ekseli ya pedeli hufunguka kinyume, lakini za Kitaliano hazina kinyume pale. Fundi akilazimisha bila kuuliza, uzi wa fremu ndio unaoumia.

Soma ubavu wa tairi kabla ya kwenda kununua nyingine. Inchi 27 ina rimu ya milimita 630, na 700C ni 622. Haziingiliani, hata muuzaji akiapa. Unaweza kubadili magurudumu kuwa ya 700C, ila raba za breki zitatakiwa kushuka milimita 4. Pima kama mkono wa breki unafika. Rimu za chuma zilizong'arishwa ni nzuri kwa macho tu. Mvua ya masika ikinyesha, breki huchelewa mno kushika. Za alumini ni bora.

Mnyororo upime kwa rula: inchi 12 kamili kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Ukizidi kwa 1/16, badilisha mnyororo. Ukizidi kwa 1/8, meno ya nyuma nayo yamekwisha. Ukipanda daraja la Nyali upepo wa kusi ukikusukuma ubavuni, mnyororo unaoruka ni hatari.

Kimo cha kiti: weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa; mguu unyooke bila kiuno kuyumba.

Gia za zamani hazina hatua, unazitafuta kwa sikio, kwa hiyo zinazoamua mipaka ni skrubu mbili ndogo kwenye mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha mnyororo. Inua gurudumu, zungusha pedeli kwa mkono, sukuma mnyororo hadi duara la meno lililo kubwa kabisa nyuma. Mnyororo ukitaka kuvuka kuelekea spoki, kaza ile skrubu ya upande huo robo mzunguko, jaribu tena. Usipande kabla hujasukuma kwa nguvu mara kadhaa ukaona hauvuki.