Amplifaya moja, nyimbo za kila aina: maswali ya wapiga gita wa bendi za kukopi

Mpiga gita wa bendi ya kukopi, yaani inayopiga nyimbo za wengine, hawezi kukaa na sauti moja usiku kucha. Saa mbili wageni wakila anapiga rumba, saa nne rege, na saa sita meza ya nyuma inaomba roki ya miaka ya 1980. Maswali haya yote yanahusu chombo kimoja cha kumudu hayo: amplifaya.

Wakubwa, bendi yetu ina watu sita, tunapiga hotelini na kwenye harusi. Ninunue ya wati ngapi? — Mpiga solo, Mombasa

Ya transista au ya kidijitali, wati 50 hadi 100. Ya tyubu, yenye mirija ya kioo ya kukuza sauti, wati 20 hadi 40. Usiumize kichwa zaidi ya hapo. Ukitoka wati 50 kwenda 100 unapata desibeli 3 tu, wakati sikio linataka kama desibeli 10 ndipo likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili. Watu husahau spika. Spika yenye usikivu (sauti inayotoa kwa wati moja) wa desibeli 100, kama Celestion Vintage 30, itakupa kwa wati 25 kile ambacho spika ya desibeli 97 inakupa kwa wati 50. Chukua ya inchi 12. Ya inchi 8 ni ya chumbani.

La muhimu kwako ni sauti kubaki safi. Gita la rumba au benga linataka kila noti isikike peke yake hata ukiigonga kwa nguvu. Amplifaya ndogo ya tyubu, tuseme wati 15, ni tamu kwenye bluzi, lakini dramu zikiingia itaanza kukwaruza kabla hujasikika. Dukani weka geini (nguvu ya sauti inapoingia) chini, pandisha masta (sauti ya jumla), kisha piga kodi ya nyuzi zote sita kwa nguvu. Ikibaki safi wakati wewe na muuzaji hamwezi kusikilizana bila kupaza sauti, hiyo inafaa.

Tyubu, transista au ya kidijitali? Kila ninayemuuliza ana dini yake. — Kinondoni

Anza na nyimbo mnazopiga zaidi, siyo ile moja ngumu. Kama nusu ya usiku ni rumba, rege na zouk, sauti safi ndiyo mshahara wako. Kwa hilo Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, bado haina aibu: amplifaya mbili za wati 60 ndani ya boksi moja, spika mbili za inchi 12, korasi ya stirio (sauti kama ya magita mawili), na hakuna tyubu ya kubadilisha. Ubaya wake ni distosheni yake (mkwaruzo wa makusudi), ambayo ni mbovu, hivyo utahitaji pedali. Pia ina uzito wa karibu kilo 28. Fender Twin Reverb ya wati 85 ni nzito vilevile, na ina tyubu nne za 6L6 ambazo siku moja utalazimika kuzinunua.

Kwa anayepanda bajaji kwenda kazini, tunashauri ya kidijitali ya wati 50 au 100. Boss Katana 50 ni mfano mzuri: spika ya inchi 12, aina kadhaa za sauti, na kitufe cha kushusha nguvu hadi wati 25 au 0.5 kwa mazoezi ya nyumbani. Uliza mapema kama swichi ya mguu imo ndani ya boksi, maana mara nyingi inauzwa peke yake, na bila hiyo utakuwa unainama kugeuza vitufe katikati ya wimbo.

Tengeneza sauti tatu tu: safi, yenye mkwaruzo kidogo, na ya solo. Ya solo iwe juu ya ya pili kwa desibeli 3 hadi 5, la sivyo solo itamezwa na kinanda. Zipange bendi nzima ikiwa inapiga. Kwa sauti ndogo sikio husikia besi na trebo kwa shida, kwa hiyo chumbani utaziongeza zote mbili na kupunguza midi (sauti za kati), na jukwaani gita litapotea kabisa. Midi ndiyo makazi ya gita. Usiikate.

Malti-ifekti yangu (pedali moja yenye sauti nyingi) inasikika vizuri kwenye hedifoni, lakini kwenye amplifaya inakuwa kama iko ndani ya blanketi. — Nakuru

Unapitisha sauti kwenye spika mbili: moja ya kuigiza ndani ya malti-ifekti, nyingine ya kweli. Ingia kwenye mipangilio, uzime kiigizaji cha kabati, yaani cha boksi la spika. Kama amplifaya ina tundu la Return nyuma (sauti inapoingia tena; Send ndiko inakotoka), chomeka hapo badala ya mbele, na uiachie malti-ifekti kazi yote ya kutengeneza sauti. Kama unapenda distosheni ya amplifaya yenyewe, dilei na riverb zipite kati ya Send na Return. Zikitangulia distosheni, mwangwi wote unakwaruzwa na kuwa uji.

Fundi mitambo anataka waya kutoka kwangu kwenda kwenye mikisa. Nikichomeka, panavuma. — Arusha

Mvumo huo unatokana na ethi mbili, ya amplifaya na ya mikisa, kukutana kupitia waya wa sauti. Tumia DI boksi, kiboksi cha kupeleka sauti kwenye mikisa, yenye swichi ya kukata ethi upande wa sauti. Usikate kamwe pini ya ethi kwenye plagi: mvumo utaisha, na siku yenye hitilafu mdomo wako ukigusa maikrofoni utapigwa shoti. Kama fundi ana maikrofoni ya ziada, aina ya Shure SM57, aiweke sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika, kati ya kitovu na ukingo. Kuielekeza kitovuni kunaifanya sauti iwe kali.

Nimepata amplifaya ya Japani, nyuma imeandikwa 100V. Stepu-dauni (transfoma ya kushusha volti) ya 110V itafaa? — Temeke

Hapana, tafuta inayotoa volti 100. Ukiipa 110 unaizidishia asilimia 10. Kwenye tyubu, nyuzi za ndani za kupasha joto zinazotakiwa kupata volti 6.3 zitapata karibu 6.9 na kuzeeka haraka. Soma matumizi ya umeme kwenye kibandiko, kisha nunua transfoma yenye uwezo wa karibu mara mbili: wati 180 zinataka VA (kipimo cha uwezo wa transfoma) 300 hadi 400. Pima kwa mita kama ethi inapita kutoka plagi hadi soketi ya kutokea, kwa sababu nyingi za bei rahisi haziipitishi. Umeme ukiwa wa jenereta, iache itulie kwanza ndipo uwashe.

Nikague nini kwenye amplifaya ya mtumba? — Kisumu

Nenda na gita lako na waya wako. Washa bila gita, masta nusu: mvumo mdogo ni kawaida, mlio wa kupasuka-pasuka siyo. Geuza kila kitufe polepole. Kinachokwaruza kinatibika kwa dawa ya kusafishia kontakti, lakini kinachokata sauti kabisa huenda kinataka kubadilishwa. Ikiwa ni ya tyubu, zigonge taratibu kwa ncha ya penseli. Inayolia kama kengele imechoka. Sahani ya ndani ikiwa nyekundu, zima mara moja.

Sauti ikififia na kurudi, hasa kwa amplifaya iliyokaa pwani, usikimbilie kukata tamaa. Chukua waya mfupi, unganisha Send na Return. Sauti ikirudi nzima, ugonjwa ni kontakti ya ndani ya tundu la Return iliyoshika kutu kwa chumvi ya hewani. Ingiza na utoe plagi yenye dawa mara kumi hivi, itapona. Muuzaji asiyelijua hilo atakupunguzia bei mwenyewe.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa: usiwashe ya tyubu ikiwa spika haijaunganishwa, hata kwa dakika moja ya kuonyeshwa taa. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua hapo hapo, na inagharimu kuliko tyubu zote. Waya wa kwenda kwenye spika ya nje uwe wa spika kweli, siyo wa gita, na omu (ukinzani wa spika na wa tundu la amplifaya) zilingane: 8 kwa 8.