Spamu zinapita Rspamd? Kagua resolva yako kwanza

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama ofisi ndogo inaweza kujiendeshea seva ya barua pepe, na kwa nini spamu zinakujaa wakati Rspamd (programu ya kuchuja spamu) umeshaweka.

La kwanza: inawezekana kabisa. Naendesha ya ofisi moja hapa Dar kwa Postfix (inayotuma na kupokea barua) na Dovecot (inayowapa watumiaji barua zao) kwenye VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ya kawaida tu, na siku nyingi kazi yangu ni kupitia logi asubuhi. Kabla hujalipia VPS, hakikisha wenye nayo hawajafunga poti 25 (mlango ambao seva za barua hupeana barua) na watakuruhusu kuweka PTR (rekodi inayoonyesha IP yako ni ya jina gani). Kuiweka nyumbani sahau. Anwani nyingi za IP za intaneti ya majumbani zimo kwenye PBL, orodha ya Spamhaus (shirika linalotunza orodha za kuzuia spamu), yaani hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja, na ukituma utakataliwa mlangoni.

Sasa la pili, ambalo ndilo tamu. Usiguse kwanza alama za Rspamd, zile inazoipa kila barua kadiri inavyoshukiwa kuwa spamu. Fungua /etc/resolv.conf, faili linalotaja resolva yako, yaani seva inayokutafutia majibu ya DNS (mfumo wa majina ya mtandao). Ukikuta 8.8.8.8 au 1.1.1.1 (resolva za umma za Google na Cloudflare), mchawi wako huenda ni huyo. Kila barua inapobisha hodi, seva yako huiuliza Spamhaus kupitia DNS kama IP ile ina rekodi mbaya. Spamhaus huduma yao ya bure ina kikomo cha matumizi, na maswali yakipitia resolva ya umma hawajui nani kauliza mangapi, kwa hiyo hawayajibu. Wanarudisha 127.255.255.254 basi. Rspamd inajua hilo si jibu la orodha, inaandika RBL_SPAMHAUS_BLOCKED_OPENRESOLVER kwenye logi na kuendelea bila ushahidi ule. Barua inaingia.

Kuna wenye hali mbaya kuliko wewe: walioandika reject_rbl_client zen.spamhaus.org kwenye Postfix bila kutaja majibu yapi yahesabiwe. Kwao jibu lolote ni hatia, hata hilo la 127.255.255.254, kwa hiyo barua zote zinarudishwa, hata za TRA. Andika zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11] ulale salama.

Dawa ni kuweka Unbound (programu ya resolva) kwenye seva hiyohiyo, iulize yenyewe kuanzia kwenye mizizi ya DNS. Usiielekeze tena kwa Google, utakuwa umezunguka bure. Weka 127.0.0.1 kwenye resolv.conf, kisha pima:

dig +short 2.0.0.127.zen.spamhaus.org

Ikileta 127.0.0.2 na wenzake, umepona.

Greylisting iache iwashwe. Mtumaji anaambiwa arudi baadaye. Seva halali hupanga foleni na kurudi, roboti nyingi za spamu hazina muda huo. Wanaolalamika kwamba OTP za benki zinachelewa mara nyingi wanachelewesha kila mgeni. Rspamd kwa kawaida huchelewesha tu barua iliyofika alama 4, huweka kichwa cha onyo kwenye 6 na kukataa kwenye 15. Sijaona sababu ya kubadili namba hizo.

Bayes (sehemu ya Rspamd inayojifunza kutofautisha spamu na barua safi) haianzi kufanya kazi mpaka ifundishwe barua 200 za spamu na 200 safi, kwa hiyo usiihukumu wiki ya kwanza. Sisi tuna bahati: spamu nyingi za barua pepe ni za Kiingereza (matapeli wetu wa Kiswahili wako kwenye SMS, "ile hela tuma kwenye namba hii"), hivyo barua za kina "risiti ya malipo ya ada" hujijengea jina zuri upesi. Ubaya wake ni kwamba akaunti ya mteja wako ikidukuliwa, ankara feki ya Kiswahili itapita ikitabasamu. Hapo hakuna kichujio, ni kumpigia simu mhasibu wao.

Upande wa kutuma, weka SPF (seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako), DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua) na DMARC (barua zisizothibitika zifanyweje) zote. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanadai walau moja kati ya SPF na DKIM kwa kila mtumaji, na zote tatu kwa wanaotuma kwa wingi. Weka pia kikomo cha barua kwa saa kwa kila mtumiaji, maana nywila moja ikiibwa, seva yako ndiyo itaingia kwenye orodha nyeusi.

Ukishaweka Unbound na bado zinapenya, bandika hapa vichwa vya barua moja, ufute majina na anwani, tuzitazame alama zake.