Kwa nini "I don't eat neither dagaa nor migebuka" inakoseshwa

Mleta uzi, umeuliza kwa nini mwalimu amekukosesha sentensi hiyo hapo juu wakati neither na nor umeziweka zote mbili, na ukaomba njia ya kujua kiunganishi kipi kinakwenda na kipi. Nafundisha tuisheni ya Kiingereza hapa Mwanga, Kigoma, kidato cha tatu na cha nne, na hakuna kosa ninalolisahihisha mara nyingi kama hilo.

Jozi umeipatia. Kinachoharibu ni hiyo don't. Neither inakanusha yenyewe, kwa hiyo ukitanguliza don't umekanusha mara mbili, na Kiingereza sanifu hakitaki. Sisi tumekua tukisema "sili dagaa wala migebuka": kitenzi kinakanusha, wala inakanusha, na hakuna anayeshangaa. Mazoea hayo ndiyo yaliyokuponza. Chagua moja. Ama kitenzi kikubali na jozi ikanushe, "I eat neither dagaa nor migebuka", ama kitenzi kikanushe na jozi ibaki tupu, "I don't eat either dagaa or migebuka". Zote ni sahihi. Na ukisahau nani mwenza wa nani, tazama herufi: neither na nor zote zinaanza na n, either na or hazina.

Kuna ndugu wa kosa hilo. Wengi huandika "Although he was sick, but he came", kwa sababu kwetu "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja" inapita vizuri kabisa. Kwenye Kiingereza although na but si jozi, toa moja. Because na so vilevile.

Sasa mahali pa kuviweka, maana hapa ndipo hata wanaojua jozi zote hupoteza maksi. Soma hii: "The ship not only carries passengers but also cargo." Baada ya not only kuna kitenzi, baada ya but also kuna nomino. Mizani imelala upande mmoja. Sogeza not only mbele ya passengers: "The ship carries not only passengers but also cargo." Nomino huku, nomino kule. Huwaambia wanafunzi wafunike kila kitu wabakize kinachofuata baada ya kila nusu ya jozi, kisha walinganishe. Both na and zinapimwa hivyohivyo, either na or pia.

Kitenzi cha either na neither hufuata nomino iliyo karibu nacho. "Either my father or my brothers are coming", lakini ukigeuza, "Either my brothers or my father is coming". Both haina usumbufu huo, siku zote ni wingi.

Mtihani unapenda sana no sooner, na hapo naomba utulie. Sooner ni neno la kulinganisha, kama bigger au faster, ndiyo sababu mwenzake ni than. Hardly na scarcely hazilinganishi chochote, kwa hiyo mwenza wake ni when. Kuandika "no sooner... when" ni kuchanganya nyumba mbili. La pili ni mpangilio: vikianza sentensi, had inaruka mbele ya mtenda. "No sooner had the train left Tabora than it began to rain." "Hardly had the train reached Kigoma when the porters rushed in." Ukiandika "No sooner the train had left" umekosa, hata kama than umeiweka mahali pake. Ukitaka kubaki na mpangilio wa kawaida, ingiza no sooner katikati: "The train had no sooner left Tabora than it began to rain." Na angalia njeo: tendo lililotangulia linabeba had, lililofuata linabaki wakati uliopita wa kawaida, began, rushed. Not only nayo ikianza sentensi inageuza mpangilio: "Not only did she pass, but she also got a scholarship."

So hukaa na kivumishi, such na nomino, zote hujibiwa na that: "The lake was so rough that the boats stayed in", "It was such a rough day that the boats stayed in."

Usikariri orodha ya jozi ishirini kabla ya kuandika sentensi. Chukua no sooner na neither, utunge sentensi za mambo ya nyumbani kwenu, uzibandike hapa. Nitazipitia jioni nikitoka kipindini.